Kinu: kutoka kwenye mpunga hadi kwenye urani

Neno kinu limebebeshwa vitu ambavyo ukiviweka pamoja havifanani hata kidogo. Kimoja ni gogo lililochongwa tumbo, linalosimama nyuma ya nyumba na mchi wake. Kingine, kinu cha nyuklia, hutajwa kwenye taarifa ya habari kila panapozungumzwa Fukushima ya Japani, Zaporizhzhia ya Ukraine au Bushehr ya Iran, na kinawekewa walinzi, wakaguzi wa kimataifa na majopo ya wataalamu. Katikati ya hivyo viwili kuna vinu vya mafuta, vinu vya miwa, vinu vya moshi na vinu vya upepo. Msomaji anayejiuliza kama yote hayo ni neno moja au ni maneno kadhaa yaliyogongana kwa sauti, anauliza swali la haki kabisa. Ni neno moja. Halikuruka ghafla kutoka jikoni hadi kwenye atomu, bali lilipita vituo, na vituo hivyo vinaweza kuonyeshwa.

Tuanze na gogo lenyewe. Fundi huchagua mti mgumu usiopasuka upesi na usioachia chakula uchungu. Hulikata gogo kwa kimo cha goti au paja, kisha hulichimba tumbo kwa tezo na patasi. Wengine huanza kwa kuliunguza katikati ili kazi iwe nyepesi. Tumbo hilo halichimbwi ovyo. Juu huwa pana, na kadiri linavyoshuka huwa jembamba, ili nafaka inayorushwa pembeni na pigo iteleze yenyewe na kurudi katikati kabla mchi haujashuka tena. Kinu kilichochimbwa vibaya humwaga, au huacha nafaka pembeni isiyoguswa na mchi, na mtwangaji hulazimika kusimama kila mara kuikusanya kwa mkono. Mchi nao una hesabu yake: uwe mzito wa kutosha kufanya kazi kwa uzito wake, lakini usiwe mzito kiasi cha kumaliza mikono. Kwenye kinu kikubwa huweza kuingia michi miwili, hata mitatu, ikipokezana. Hapo ndipo zilipozaliwa nyimbo za kutwangia, kwa sababu bila mdundo wa pamoja michi hugongana.

Watu wengi hudhani kinu huvunja tu. Katika kazi yake iliyo ngumu kuliko zote, yaani kutwanga mpunga, kinu hakitakiwi kuvunja chochote. Punje hutolewa ganda zaidi kwa kusuguana zenyewe kwa zenyewe kuliko kwa kupigwa na mchi. Mtwangaji hodari huuachia mchi ushuke kwa kipimo, na anayepiga kwa hasira hupata chenga badala ya mchele. Mpunga huanikwa kwanza hadi ukauke, hutwangwa, hupepetwa kwa ungo ili kumvi zitoke, kisha hurudishwa kinuni mara ya pili kuondolewa wishwa, ule unga wa rangi ya kahawia unaoshikamana na punje. Kazi hiyo ya pili ina kitenzi chake, kupwaya. Leo vijana wengi wanakijua kitenzi hiki kwa suruali inayompwaya mtu au kwa kiongozi anayepwaya kwenye nafasi yake, na mchele uliopwaywa hawajausikia. Nasikitika kidogo, kwa sababu lugha yenye kitenzi maalumu cha kusafisha mchele mara ya pili ni lugha iliyoutazama mchele kwa makini sana. Na kweli iliutazama: shambani ni mpunga, sahanini ni wali, na mahali mpunga unapovua jina lake na kuwa mchele ni ndani ya kinu.

Mahindi yana njia nyingine. Hunyunyiziwa maji ili ganda lilainike, kisha hukobolewa kwa mchi, na yaliyokobolewa hupikwa na maharage yakawa kande au pure, chakula ambacho Wakamba hukiita muthokoi. Kisamvu hutwangwa hadi majani ya muhogo yalegee na kutoa utomvu. Karanga hutwangwa kwa ajili ya mchuzi, makopa hutwangwa yakawa unga, na zipo kazi ndogondogo zenye vinu vyake vidogo: viungo, dawa za miti, ugoro, tambuu ya mzee asiyekuwa na meno ya kuitafuna. Chombo kilichohudumia mambo mengi namna hii hakikosi heshima, na ndiyo maana katika jamii nyingi wazee walikataza mtu kukalia kinu.

Jina lenyewe si la kuazima. Sufuria, sahani na birika vilitujia na majina yake kutoka Kiarabu, lakini kinu ni Kibantu cha kale. Waganda husema ekinu. Wagiriama husema chinu. Hata hivyo si Wabantu wote waliobaki na jina hili. Washona husema duri, na kwa wingi maturi, jina lililotokana na mzizi wa zamani wa kutwanga, ule ule uliotupa sisi kitenzi twanga. Wanyarwanda husema isekuru, kutokana na gusekura, ambacho ndicho kitenzi chao cha kutwanga. Tofauti hii ina maana. Kwa Mshona na kwa Mnyarwanda, jina la chombo limefungwa na kitendo chake, na kukiita duri au isekuru ni kama kukiita kitwangio. Kinu cha Kiswahili hakina kitendo masikioni mwa msemaji wa leo. Hakuna anayesikia kitenzi chochote ndani yake. Naona huu ndio uwazi ulioliruhusu neno kusafiri, kwa sababu halikuwahi kudai kwamba lazima kutwanga kuwepo.

Kando ya kinu kulikuwa na mwenzake ambaye kazi yake haikuwa ile ile, jiwe la kusagia. Kinu kilitwanga kwa pigo la kutoka juu, na jiwe lilisaga kwa msuguano wa mbele na nyuma. Lugha ililinda mpaka huo kwa uangalifu mkubwa, na waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliufuata. Katika Hesabu 11:8 wana wa Israeli wanaisaga mana kwa mawe au wanaitwanga kwa vinu, vitu viwili, vitenzi viwili. Mithali 27:22 inamtia mpumbavu kinuni na kumtwanga kwa mchi, na upumbavu wake haumtoki. Kwa hiyo tukiona baadaye kinu kinasaga, tujue mpaka umevukwa, na tutafute ulivukiwa wapi.

Mimi nautafuta kwenye mafuta ya ufuta. Katika miji ya pwani kama Lamu na Zanzibar, ufuta ulikamuliwa kwa mtambo mkubwa uliozungushwa na ngamia aliyefungwa macho. Ukiutazama mtambo huo kwa karibu unakuta ni kinu hasa: gogo kubwa lenye tumbo, na ndani yake mti mnene ulioegemea upande, yaani mchi. Kilichobadilika ni mwendo tu. Mchi haukupanda na kushuka tena. Ulizungushwa ukiukandamiza ufuta kwenye ukuta wa tumbo, mafuta yakachuruzika, mashudu yakabaki. Kazi hiyo ina kitenzi chake, kushindika, na chombo kikaitwa kinu cha kushindikia. Hapo hapakuwa na haja ya kubuni jina. Yeyote aliyekiona aliona kinu, ila kikubwa zaidi na chenye mnyama. Lakini jambo moja muhimu lilikwisha kutokea: kinu kilikuwa kimeachana na pigo.

Kisha miwa. Katika karne ya 19 bonde la Pangani lilijaa mashamba ya miwa, na Abushiri bin Salim, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani mwaka 1888 hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Miwa ilipitishwa katikati ya magogo yanayozunguka ili itoe maji yake, na maji hayo yakachemshwa. Mtambo wa namna hii hauna tumbo na hauna mchi. Uliitwa kinu kwa sababu ulifanya kazi iliyofanana na ile ya kinu cha mafuta. Hii ni hatua ya pili, na ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa sasa neno lilikuwa limeachana hata na umbo.

Hatua ya tatu ililetwa na injini. Kamusi za wamisionari wa karne ya 19 zinakitaja tayari kinu cha moshi, pamoja na kile cha kushindikia. Moshi hapa ni ule ule wa gari la moshi na meli ya moshi, nguvu ya mvuke. Kinu cha moshi kiliweza kukoboa, kusaga au kukamua, na mwenye lugha hakujali tena ni kipi kati ya hivyo. Tangu hapo kinu kilikuwa na maana mbili zilizokwenda pamoja: gogo la jikoni, na mtambo wowote mkubwa unaoingizwa malighafi upande mmoja na kutoa kitu kilichogeuzwa upande mwingine.

Cha kushangaza ni kwamba mtambo uliokuja kumpumzisha mwanamke kutoka kwenye mchi haukuchukua jina hilo kwa wepesi. Mtu anayebeba debe la mahindi kichwani Tanzania hasemi anakwenda kinuni, anasema anakwenda mashineni. Huko kuna mashine ya kukoboa na mashine ya kusaga, na chaguo lake huamua atakula sembe au dona. Nadhani sababu ni rahisi. Nyumbani kinu cha gogo kilikuwa bado kipo na kinatumika, na watu hawapendi vitu viwili vya nyumba moja kuitwa jina moja. Jina kinu likabaki huru kwa mitambo iliyo mbali na nyumba, ambayo mtu haigusi. Ndiyo maana leo linasikika sana redioni kwenye taarifa ya habari kuliko mtaani.

Kitenzi twanga nacho kilitoka jikoni, ila kilichukua njia nyingine kabisa. Timu hutwanga timu nyenzake kwenye vichwa vya habari vya michezo. Mtu hutwangwa ngumi. Rafiki humwambia mwenzake amtwangie simu. Bendi ya African Stars ya Dar es Salaam ikajulikana zaidi kwa jina la Twanga Pepeta, na hakuna Mswahili aliyehitaji kuelezwa kwamba vitendo hivyo viwili hufuatana. Na kutwanga maji kinuni kumebaki kuwa msemo wa kazi isiyo na tija. Twanga imebaki na pigo, na kinu kimebaki na mageuzi. Viliishi pamoja kwa karne nyingi, kisha kila kimoja kikaondoka na nusu ya urithi.

Kabla ya kufika kwenye nyuklia, kuna njia moja ambayo kinu kingeweza kupita na hakikupita. Kwa Kiarabu, kinu cha jikoni na silaha ile fupi inayorusha kombora juu huitwa kwa jina moja, hawun, kwa sababu ya umbo la mdomo wake. Waswahili walipohitaji jina la silaha nzito yenye tumbo, walitazama gogo lingine lililotobolewa, lile linaloning'inizwa mtini kwa ajili ya nyuki, wakaiita mzinga. Chaguo hilo lilikiacha kinu upande wa uzalishaji. Hakijawahi kuwa silaha katika lugha yetu, na hilo lina uzito kidogo katika mambo yanayofuata.

Jina kinu cha nyuklia limeenea sana katika idhaa za Kiswahili. Halina ubaya kwa asili. Ndani ya kinu cha aina hii kuna fito za madini ya urani. Chembe ndogo iitwayo nyutroni hugonga kiini cha atomu ya urani, kiini hupasuka, nyutroni nyingine hutoka na kugonga viini vingine, na katika kupasuka huko hutoka joto kali. Joto huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo huo ndio unaozalisha umeme. Kwa hiyo kinu chenyewe hakitoi umeme hata kidogo. Hutoa joto tu. Kuna waliopendelea kukiita tanuri, na kwa kazi ya joto tanuri lilikuwa jina zuri. Lakini kina tumbo, kinapokea malighafi, na ndani yake vitu hupasuliwa kwa kugongwa. Mtu akitaka kuona pigo la mchi likirudi baada ya safari yote hiyo, simkatalii, ingawa naamini waliolichagua neno walikuwa wanafikiria tu mtambo mkubwa wa viwandani.

Tatizo liko kwingine. Kinu kikiwa peke yake, bila mkia, ni cha jikoni. Hakuna anayekosea hapo. Vinu vingine vilipata mkia, na mikia ya zamani ilisema kazi au nguvu: cha kushindikia, cha kusagia, cha moshi. Ukisikia mkia ulijua kinafanya nini au kinaendeshwa na nini. Kinu cha upepo nacho, ingawa kimeingia kwa njia ya tafsiri kutoka nchi ambako upepo ulisaga ngano kweli, kinakupa nguvu inayokizungusha, na mtu anayeyaita vinu vya upepo yale mapanga 365 ya mradi wa Ziwa Turkana hampotezi msikilizaji, ingawa hayasagi kitu. Mkia wa nyuklia hausemi kazi. Unataja mada tu, na kwa sababu hiyo unafunika vitu vitatu tofauti kabisa.

Wakati mwingine unamaanisha chombo chenyewe ambamo viini hupasuka. Wakati mwingine unamaanisha kituo kizima cha umeme, pamoja na majengo, mitambo ya mvuke na mabwawa ya kupozea. Wakati mwingine unamaanisha mahali pa kurutubishia urani, ambako hakuna kiini kinachopasuliwa kwa makusudi wala umeme unaozalishwa. Kuna maelfu ya mitungi myembamba inayozunguka kwa kasi kubwa mno, ikitenga urani nyepesi na nzito.

Chernobyl, kituo cha umeme wa nyuklia cha Ukraine, inaonyesha kwa nini tofauti ya kwanza, ile ya kinu na kituo, si ya kupuuza. Kituo kile kilikuwa na vinu vinne. Kilicholipuka tarehe 26 Aprili 1986 ni kinu namba 4. Vingine viliendelea kufanya kazi baadaye, na cha mwisho, namba 3, kilizimwa Desemba 2000. Mtu aliyeambiwa tu kwamba kinu cha Chernobyl kililipuka hawezi kuamini kwamba mahali hapo palizalisha umeme kwa miaka mingine 14, wakati ni kweli tupu. Fukushima nako kituo kilikuwa na vinu sita, na baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011 mafuta ya nyuklia yaliyeyuka katika vinu vitatu. Zaporizhzhia ni kituo kimoja chenye vinu sita. Koeberg, karibu na Cape Town, ni kituo kimoja chenye vinu viwili, kilichoanza kutoa umeme mwaka 1984. Kiswahili kinayasema haya bila shida yoyote, mradi mwandishi akubali kutumia maneno mawili, kituo na kinu.

Tofauti ya pili ni nzito zaidi. Iran ina Bushehr, ambako kuna kituo cha kuzalishia umeme chenye kinu, na ina Natanz na Fordow, ambako urani ilikuwa ikirutubishwa. Juni 2025 Natanz na Fordow zilishambuliwa kwa mabomu, na msikilizaji aliyeambiwa kwamba vinu vya nyuklia vimepigwa alikuwa na haki ya kuiwaza Chernobyl. Lakini hatari si moja. Kinu kilichokwisha kufanya kazi kimejaa mabaki yenye mionzi ya viini vilivyopasuka, kama iodini 131 na sesiamu 137, na hayo ndiyo yaliyosambaa mwaka 1986. Mahali pa kurutubishia hapana mabaki hayo kwa wingi huo. Hatari yake kubwa ni gesi yenye urani na florini, ambayo ikikutana na unyevu wa hewa hutoa asidi kali inayochoma mapafu ya walio karibu. Ni hatari ya kweli, ila ni ya eneo dogo. Msikilizaji aliyeko maelfu ya kilomita alistahili kuujua utofauti huo, na kitenzi kimoja kingemsaidia: kiwanda cha kurutubisha urani kwa Natanz, kinu cha kuzalishia joto kwa Bushehr.

Afrika inayozungumza Kiswahili imo ndani ya mambo haya zaidi ya inavyodhaniwa. Urani iliyotumika katika mradi wa bomu la nyuklia la Marekani kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo, eneo ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mwaka 1959 chuo kikuu kilichopo Kinshasa ya leo kilipata kinu cha utafiti kilichoitwa TRICO, cha kwanza barani Afrika. Hicho nacho hakikuzalisha umeme. Kilikuwa cha wanasayansi kujifunzia na kutengenezea chembe za mionzi kwa matumizi ya tiba na utafiti. Hapa tena kinu cha utafiti kinaeleweka papo hapo, kwa sababu mkia wake unasema kazi.

Na huko Kilifi, Uyombo ilitajwa kuwa mahali pa kujengea kituo cha kwanza cha umeme wa nyuklia cha Kenya, na mwaka 2024 wenyeji waliandamana kupinga. Miongoni mwao wamo Wagiriama, wale wale wanaosema chinu kwa gogo la nyuma ya nyumba. Mbele yao haikutosha kutamka kinu cha nyuklia na kuendelea na hotuba. Walikuwa na haki ya kuambiwa kingekuwa kituo chenye vinu vingapi, kila kinu cha ukubwa gani, kingepozwa kwa maji ya wapi, na fito zilizokwisha kutumika zingewekwa wapi. Maswali yote hayo yanaulizika kwa Kiswahili, na hata kwa Kigiriama, bila kuazima neno.

Katika kuandika, mimi nimejiwekea utaratibu mmoja tu kuhusu neno hili: nikishaandika kinu cha, kinachofuata kiwe kitenzi kila inapowezekana. Cha kutwangia, cha kushindikia, cha kuzalishia joto, cha kufanyia utafiti. Pale kitenzi kinapokataa kukaa, mara nyingi nagundua kwamba kitu chenyewe si kinu, ni kituo au ni kiwanda, na nafuta nikaandika hivyo.